Aliyetukana Makusu

Nilipokuwa bado mtoto wa darasa la tatu, mlangoni mwa sebule yetu kule Ilomba, Mbeya, upande wa ndani, ilitundikwa kalenda iliyogeuzwa. Tarehe zilitazama mbao. Upande mweupe ulitutazama sisi, na humo baba aliandika kwa wino mwekundu sehemu za kwenda wakati wa likizo. Karibu zote zilikuwa za kwenda kwa miguu. Kilima kilicho juu ya shule. Kijito cha nyuma ya matanuri ya matofali. Reli, pale ambapo treni ya Zambia hupunguza mwendo, ili tuhesabu mabehewa. Baba alikuwa karani wa bohari, na matembezi hayo aliyaita utalii wa wenye miguu. Jumamosi asubuhi alipitisha kidole kwenye orodha, akasema, "Leo namba nne," nasi tukaanza kutafuta viatu.

Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na mdogo wangu Deo, aliyekuwa na miaka mitano. Kazi ya Deo ilikuwa kubeba chupa ya maji. Mtu akijaribu kumsaidia alilia.

Nimefanya kazi katika chumba cha habari kwa miaka mingi. Nimewasikia mashahidi watatu wa ajali moja wakitaja rangi tatu za gari lile lile, na kila mmoja alikuwa na hakika. Kwa hiyo hapa nitasema nilichokiona na kukisikia, na pale nilipoambiwa na mtu mwingine nitamtaja.

Mama alizaliwa katika familia ya wafugaji wa Kisukuma waliotoka kaskazini wakahamia bonde la Usangu. Alikua akichunga ng'ombe wa baba yake, na kazi hiyo ilimwachia mluzi. Aliweka vidole viwili mdomoni. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikakatika ghafla. Jioni alisimama mlangoni akaupiga mara moja, nasi tukaacha mchezo popote tulipokuwa, tukakimbia nyumbani. Majirani walimtania.

"Mama Skola anaita ng'ombe zake," alisema jirani mmoja kutoka upande wa pili wa ua. Skola ni mimi.

"Naziita na zinakuja," mama alijibu. "Wewe unawaita wako kwa majina mpaka sauti inakauka, na bado wako kwenye mtaro."

Namba tisa kwenye orodha ya baba ndiyo pekee iliyokuwa mbali. Iliandikwa neno moja: makusu. Kila Desemba tulipanda basi kwenda Iringa, kwa Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi Mlandege pamoja na baba mdogo. Kutoka hapo tulikwenda kijiji cha ukoo wa baba, mwendo wa saa moja kwa basi jingine, ambako kuna msitu wa mikusu. Kusu ni tunda la mviringo lenye ganda la kahawia. Ukilibana linapasuka na ndani yake ni njano, tamu, lenye kokwa nyingi. Huanguka lenyewe likiiva. Unatembea chini ya miti umeinama, unaokota, unakula, unajaza ndoo.

Msitu huo ulikuwa na masharti, na kule Ilomba baba alitumia masharti hayo kutuchekesha. Alijifunga kitenge cha mama kichwani, akaigiza sauti ya Bibi: "Ninyi watoto wa Mbeya! Kusu halitukanwi!" Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Ninakumbuka kicheko hicho vizuri kwa sababu ya kilichofuata.

Mwaka ninaousimulia ndio mama alikwenda mikusuni kwa mara ya kwanza. Miaka ya nyuma alibaki Mlandege na Deo aliyekuwa bado mdogo. Tulifika ukingoni mwa msitu asubuhi, tukiwa sita: sisi wanne, Bibi, na baba mdogo aliyebeba ndoo mbili. Bibi alisimama kwenye njia, akageuka kututazama. Baba hakuigiza sauti ya mtu. Alivua kofia.

"Mtaokota kilichoanguka," Bibi alisema. "Mti hautikiswi. Ukikuta lililooza, liweke chini taratibu, nyamaza. Usiseme limeoza, usiseme chachu, usiseme limenichosha. Anayelitukana kusu, msitu unamchukua mtu wa nyumbani kwake, unamzungusha. Na humu hatuitani majina. Ukisikia jina lako, usiitike. Anayeita kwa jina humu siyo mtu."

"Mimi nikiitwa na mama je?" Deo aliuliza.

"Mama yako pia hataita."

Deo alimtazama mama. Mama akamkonyeza, akagusa midomo yake kwa vidole viwili, kwa siri. Nilikuwa nyuma yao na niliona. Mluzi si jina.

Tuliingia. Baba, Bibi na baba mdogo walitangulia. Mama alibaki nasi wawili, hatua kumi hivi pembeni, akiokota na kujifunza lipi limeiva na lipi bado. Alikuwa amevaa sweta ya buluu aliyoifuma mwenyewe. Mimi nilitaka kuijaza ndoo yangu kabla ya baba mdogo kuijaza yake, kwa sababu asubuhi kwenye basi alikuwa amesema wasichana wa Mbeya hawajui kuokota. Deo alinifuata kila hatua akiniletea matunda. Mengi yalikuwa mabichi au yamebondeka. Niliyatupa akageuka kuleta mengine. Mara ya nne au ya tano alinipa kusu jeusi, laini, linalonuka pombe, akaliweka ndani ya ndoo juu ya yale mazuri.

Nilisema hivi: "Limeoza! Yote unayoleta yameoza. Makusu yenyewe ya Bibi yako machafu tu. Usinifuate."

Nililitoa nikamrushia. Lilimpiga kifuani na kupasukia kwenye shati.

Mama aliinuka. "We!" alisema, neno hilo moja. Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Deo hakulia. Alichukua chupa yake ya maji akaondoka kati ya miti, kuelekea upande ambao baba alikuwa amekwenda. Mama alimwona, nami nilimwona. Sote wawili tulidhani anakwenda kwa baba.

Saa sita tulikusanyika chini ya mkusu wa kwanza, ule ulio karibu na njia, ili tule viazi na chai. Baba alikuja na Bibi na baba mdogo. Deo hakuwa pamoja nao.

Baba alifungua mdomo kuita. Bibi alimwekea kiganja kifuani kabla jina halijatoka.

"Nani ametukana tunda?" Bibi aliuliza.

Alitupitia kwa macho mmoja mmoja.

"Nauliza tena. Msitu haumzungushi mtoto bure. Kuna mtu humu ameyatukana makusu. Aseme, maana yeye ndiye atakaa chini ya mti huu, nguo amegeuza nje ndani, ananyamaza, mpaka mtoto arudi. Asiposema, mtoto harudi."

Watu wazima walitazamana. Nilikuwa na miaka tisa. Niliwaza vitu viwili tu: kwamba nitaachwa peke yangu chini ya mti ule wakati wote wameondoka, na kwamba kila mtu atajua ni mimi niliyempoteza Deo. Nilinyoosha mkono.

"Ni mama," nilisema. "Alisema yameoza."

Nimewahi kuandika habari za watu waliosingiziwa. Kila mara nilitafuta uso wao ulikuwaje neno lilipotamkwa, kwa sababu wasomaji hupenda kujua. Uso wa mama haukubadilika sana. Alinitazama kwa muda kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali, akitaka kuwa na hakika na herufi. Alikuwa hatua kumi nilipoyasema yale maneno. Aliyasikia yote.

"Ni mimi, mama," alimwambia Bibi. "Nilisema. Sikukumbuka."

"Ulikumbuka," Bibi alisema. "Nimesema pale njiani, na umesikia. Ninyi watu wa ng'ombe mnadharau vya wenzenu."

Baba mdogo aliguna. Baba aliizungusha kofia mikononi.

Mama alivua sweta mbele yetu, akaigeuza, akaivaa tena na mishono ikiwa nje. Akakigeuza na kitenge. Akaketi kwenye shina la mkusu. Kisha akamtazama baba.

"Baba Skola, niache nipige mluzi mara moja. Ataitika."

"Aliyetukana hatoi sauti," Bibi alisema.

"Mara moja tu. Festo, unajua ataitika."

Festo ni jina la baba, na mama alikuwa halitumii mbele za watu. Baba alimtazama mama yake, akamtazama mdogo wake. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Huyu ndiye mtu aliyejifunga kitenge kichwani Ilomba akatuchekesha kwa masharti haya haya.

"Kaa, mama Skola," alisema. "Tusibishane na mama leo."

Wakaingia msituni watatu, kila mmoja na fimbo, wakigonga mashina. Hiyo ndiyo namna iliyoruhusiwa: unagonga, unasikiliza, unasogea. Mimi niliambiwa nikae mbali na mama, nisiongee naye. Nilikaa kwenye jiwe, hatua thelathini hivi, ndoo yangu ikiwa miguuni. Ilikuwa imejaa.

Saa nane mvua ilianza. Ni mvua ya Desemba ya nyanda za juu, ambayo ni baridi kuliko watu wa pwani wanavyodhani. Mama hakusogea. Sweta ilishika maji ikavutika mpaka mapajani. Sauti za kugonga zilisogea upande wa kushoto, zikaenda mbali, zikarudi. Ningeweza kutembea hatua thelathini na kusema ukweli. Nimezipima hatua hizo mara nyingi tangu siku ile. Kila nilipoinuka kidogo niliwaza kwamba sasa kosa limekuwa kubwa kuliko lilivyokuwa saa sita, na nikakaa tena. Nimekuja kuwajua watu wazima, baadhi yao wakubwa ofisini, waliokaa kwenye jiwe la namna hiyo kwa miaka.

Saa kumi na moja jioni Bibi alirudi wa kwanza, amelowa, akitembea kwa fimbo. Baba na baba mdogo walikuwa nyuma yake. Baba alikuwa amepoteza kofia.

Mama alisimama.

"Kaa," Bibi alisema. "Hajarudi bado. Kaa!"

Mama aliweka vidole viwili mdomoni. Mluzi ulianza chini, ukapanda, ukakatika.

Nilihesabu mpaka nne. Halafu tukasikia, kutoka upande wa kulia, si mbali hata kidogo:

"Mama! Niko huku, mama!"

Baba alihesabu hatua baadaye. Zilikuwa mia mbili na kidogo. Deo alikuwa ndani ya shimo la zamani la wapasua mbao, lile refu ambalo mtu mmoja husimama chini na mwingine juu wakivuta msumeno. Nyasi zilikuwa zimelifunika. Alikuwa amekaa kwenye maji yaliyofika kiunoni, mguu wa kulia umekunjika pale usipokunjika. Chupa alikuwa bado ameishika.

"Tumepita hapa," baba mdogo alisema. "Tumepita mara mbili na tumegonga."

"Niliwasikia mkigonga," Deo alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Nilijua siyo watu. Nikanyamaza. Nilikuwa nasubiri mluzi wa mama."

Baba alimbeba. Tulipofika kwenye njia, Bibi ndiye aliyesema wa kwanza. Maneno yake ninayakumbuka kwa mpangilio, kwa sababu niliyasikia tena mara nyingi katika nyumba nyingine na midomo mingine.

"Mmeona. Amekiri, amekaa, msitu umemwachia mtoto. Lakini amesimama kabla ya wakati. Ndiyo maana msitu umebaki na mguu wake."

Kwa hiyo mama alikuwa na kosa kwa kutukana tunda, na alikuwa na kosa kwa kumpata mwanawe. Sweta ilikuwa bado imegeuzwa. Aliivua tulipofika Mlandege.

Mguu wa Deo ulifungwa hogo, plasta ngumu ya hospitali. Ulipofunguliwa ulikuwa umeunga vibaya, na mpaka leo anachechemea. Tuliporudi Ilomba, baba aliigeuza kalenda, tarehe zikatutazama sisi. Zilikuwa za mwaka uliokwisha. Hakutundika nyingine, na Jumamosi alianza kwenda bohari hata pasipokuwa na kazi.

Habari ilisafiri. Mlandege waliijua wiki ile ile; watu walipotoka kanisani walimtazama mama miguuni mpaka kichwani. Baba mdogo alipofiwa na mtoto mwaka uliofuata, shangazi mmoja alisema mdomo uliotukana makusu ulikuwa umekula kwenye nyumba ile Krismasi. Baba alipohamishwa kazi akapewa ndogo, ilisemwa hivyo hivyo. Ilifika mpaka Ilomba. Jirani yule wa utani alinunua kufuli ya geti. Mama aliacha kupiga mluzi. Jioni alikuja kututafuta kwa miguu, akitugusa begani.

Nilipokuwa darasa la sita alikwenda Usangu kuwasalimia wazazi wake, akabaki huko. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemfuata. Baba alisema, "Amepumzika," na neno hilo likatumika nyumbani kwetu kwa miaka yote iliyobaki.

Mimi nilisoma, nikaingia kwenye magazeti. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimpelekea habari aliuliza, "Nani kakwambia? Na nani mwingine?" Ukikosa jibu la swali la pili aliirudisha karatasi bila kuisoma. Nililipenda swali hilo, nikawa maarufu kwa kuwauliza wengine. Niliwahi kusimamia ukurasa wa masahihisho. Pale mikusuni hakuna mtu aliyeliuliza. Mtoto wa miaka tisa alinyoosha mkono, na ukoo mzima ukachapisha.

Nilikuwa nikienda Usangu kumwona mama mara moja au mbili kwa mwaka. Alikuwa na nyumba ya matofali karibu na mashamba ya mpunga ya kaka zake, na mbuzi. Kila safari nilikwenda na sentensi niliyoiandaa njiani. Nilifika, akanipa maziwa, akaniuliza habari za Deo, akaniuliza kwa nini nimekonda. Jioni tulikaa kwenye mkeka. Wakati mwingine aliacha kuchambua mchele, mikono ikatulia kwenye ungo, akanitazama. Nilidhani amechoka.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akabeba mkoba wangu hata alipokuwa mzee. Gari lilipoonekana alinipa mkoba na kuuliza swali moja, kila mara lile lile.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, mama."

"Haya. Salimia."

Nilidhani anauliza kama nimesahau kitu ndani. Au niseme ukweli: niliamua kudhani hivyo.

Alifariki mwaka juzi, wakati wa kupandikiza mpunga. Tulimzika kwao. Bibi alikuwa ametangulia miaka mingi, na baba pia, lakini watu wachache walikuja kutoka Iringa, na usiku wa matanga nilimsikia binamu mmoja akimweleza mkewe nje ya dirisha: huyu ndiye yule wa makusu. Nilikuwa ndani, na bado sikutoka kusema.

Desemba iliyopita wanangu wawili walikuwa nyumbani Mbeya wakitazama simu. Niliwaambia wavae viatu. Tulianza na kilima, tukaenda kwenye reli, treni ikachelewa sana nao wakafurahi kuisubiri, jambo ambalo sikulitegemea. Siku ya tatu binti yangu aliuliza, "Kesho namba ngapi?" ingawa sikuwahi kumsimulia habari za kalenda; alikuwa ameanza kuorodhesha matembezi yetu mwenyewe. Nikampigia Deo, ambaye ni fundi seremala Iringa, nikamwambia tunakuja, atupeleke mikusuni.

Alikuwa akitusubiri kituoni na ndoo tatu na jembe la kuchimbia mihogo, kwa sababu Deo hawezi kwenda mahali bila kazi ya pili. Msitu umepungua. Upande mmoja sasa ni shamba la miparachichi. Lakini mkusu wa kwanza, ule wa karibu na njia, upo. Watoto walikimbia mbele na ndoo zao. Mimi niliketi pale mama alipoketi. Deo alibaki amesimama, uzito wote kwenye mguu mzima.

Binti yangu alirudi, amekunja uso, ameshika tunda. "Mama, hili limeoza."

Deo na mimi tulitazamana.

"Basi litupe, mwanangu," Deo alisema. "Chukua jingine."

Alipokwenda, nilisema sentensi niliyoibeba kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilikuwa fupi kuliko nilivyoitayarisha. "Deo, siku ile si mama aliyetukana makusu. Ni mimi. Nilimsingizia."

Alionekana kama mtu aliyeletewa mzigo aliokwisha kuusahau.

"Dada," alisema, "lilinipiga hapa." Alijigusa kifuani. "Mimi ndiye niliyeleta lile tunda. Unadhani sijui nani alinirushia?"

Kwa miaka yote hiyo, mimi ninayejisifu kwa kuuliza nani mwingine alikuwepo, sikuwahi kumhesabu. Nilimwona kama aliyepotea, sikumwona kama shahidi.

"Mbona hukusema?"

"Nilimwambia mama palepale hospitali. Nilimwambia ni dada, nitamwambia Bibi. Akasema nisimwambie mtu. Akasema, dada yako ni mtoto na ukoo huu utambana maisha yake yote; mimi nimeshakuwa mtu mzima. Akasema, akikua atakuja kuniambia mwenyewe, na siku hiyo tutakwenda wote watatu Mlandege." Deo aliinama akaokota kusu, akaligeuza mkononi. "Nilikuwa namuuliza kila nikienda. Amekwambia? Anasema bado, alikuja juzi, nilimuuliza kama hakuna kingine."

Sikulia pale. Nilimuuliza Deo swali la kazi yangu, kwa sababu sikuwa na jingine: mara ya mwisho alimuuliza lini? Akasema mwezi mmoja kabla hajafa, na jibu lilikuwa lile lile, bado.

Watu huniuliza kama ninaamini mambo ya misitu. Msitu ule haukumchukua mtu. Mtoto alianguka kwenye shimo ambalo watu walilichimba wakaliacha wazi, na akakaa humo kwa zaidi ya saa tano kwa sababu alitii alichoambiwa. Lakini siwezi kumcheka Bibi kama baba alivyomcheka Ilomba. Mila yake ilitaka jambo moja ambalo hata chumba cha habari hulitaka: aliyesema aseme kwamba amesema. Iliahidi kwamba akisema, aliyepotea atarudi. Hilo sikulijaribu nilipokuwa na miaka tisa, sikulijaribu nikiwa na thelathini, na nilipolijaribu mikusuni Desemba iliyopita, hakukuwa na mtu wa kurudi. Tangu hapo nimewapigia shangazi wawili waliobaki na yule binamu. Wamesikiliza kwa heshima. Mmoja alisema, "Unamsafisha mama yako, ni vizuri," na ninajua hakuniamini.

Siku ile jua liliposhuka, ndoo zilikuwa zimejaa na watoto hawakuonekana. Deo aliweka vidole viwili mdomoni. Sikujua kwamba anaujua. Mluzi ulianza chini, ukapanda, ukakatika.

Watoto wangu walitoka mitini mbio. Hawakuwahi kuusikia, lakini walielewa wanaitwa. Mimi pia nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimekwenda hatua mbili tatu kuelekea upande wa sauti kabla sijakumbuka kwamba niliyekuwa ninamkimbilia hayupo.